Basi Nililoliondoa Bandarini Nansha

Guangzhou,
Jumapili mchana

Baba yangu,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute una nafuu, goti limetulia na miwani mipya imekubaliana na macho yako. Shangazi aliniambia daktari amekukataza kutoka juani mpaka jicho la kulia lipone kabisa. Je, umemsikiliza, au bado unateremka mwaloni kuchagua samaki wako wa migebuka mwenyewe kwa sababu humwamini mtu mwingine? Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula, nalala, sina homa. Moyo ndio siwezi kuusemea.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu zipo. Ukipokea simu yangu shangazi huweka sauti ya nje, na nusu ya mtaa husikiliza. Neno hili nataka ulisome peke yako kwanza, ndipo uamue nani aambiwe. Barua anaileta Mama Kisa, mfanyabiashara wa Mbeya aliyekuja kuagiza suruali za jinzi kule Xintang. Akifika Dar atamkabidhi kaka Idi, naye ataipandisha treni mpaka mkononi mwako.

Najua mmekwisha kusikia. Idi amenitumia ujumbe kwamba kwenye kundi la simu la watu wa Kigoma kuna aliyeandika hivi: binti wa Mzee Ramadhani amefukuzwa kazi China kwa kuiba kiti cha wagonjwa. Baba, sikuiba. Lakini kazi nimefukuzwa kweli, na mambo niliyoyafanya si safi yote. Ndiyo maana naandika, ili wakikuletea uongo uwe na ukweli mkononi, hata ule ambao haunipambi.

Wafanyabiashara wetu wakisikia Nansha wanafikiria makontena, maana huko ndiko mizigo yao inakopakiwa. Mimi nilikuwa upande wa abiria, kwenye jengo la meli za matembezi, zile meli kubwa kama mtaa mzima wa maghorofa, ambazo watu wake hawaendi kokote. Wanapanda, wanazungushwa, wanashiba, wanashuka. Wewe uliyekuwa karani wa abiria gatini Kigoma ungependa kuliona jengo lile. Abiria hanyeshewi hata tone, njia imeezekwa kutoka ubavuni mwa meli mpaka ndani. Kuna lifti, kuna ngazi zinazojiendesha, kuna mahali pa kuachia mizigo, chumba cha mama anayenyonyesha, dirisha la kubadili fedha, na viti vya magurudumu vimepangwa ukutani kwa ajili ya wazee. Nje, teksi zina mstari wao na mabasi yana wao, na treni ya chini ya ardhi inafika karibu na mlango, ingawa kwenda katikati ya mji kunachukua zaidi ya saa moja. Mara nyingi nilikuwa nikilikumbuka banda lenu la mabati, wajawazito wamekalia madebe ya mawese wakisubiri meli ambayo hakuna aliyejua itafika siku gani, na wewe unazunguka na daftari ukiwatafutia kivuli.

Kampuni yetu ni ndogo, ya mabasi manne. Tuliwachukua abiria wa kigeni waliotaka kutembea mjini kwa siku moja, kuona mahekalu na kununua vikorokoro mtaa wa Yide Lu, na wale waliomalizia safari yao hapo tuliwapeleka uwanja wa ndege. Mimi nilishika kibao chenye namba ya basi, nikahesabu vichwa, nikatafsiri. Aliyeshika kibao ndiye msemaji wa basi, na dereva hutii anachoambiwa. Kibali changu cha kuishi huku kilifungwa kwenye kazi hiyo. Kazi ikiondoka, nacho kinaondoka.

Laoban wangu, ndivyo wanavyomwita bosi huku, ni mama mmoja mkavu anayeitwa Bi Luo. Usije ukamchukia unaposoma. Kipindi ambacho meli zilikuwa haziji kabisa, aliuza gari lake mwenyewe ili asiyauze mabasi, na madereva wote akabaki nao. Anapiga kelele, lakini hajawahi kumtukana mtu mzazi wake.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Mvua ilianza alfajiri, na asubuhi ikatangazwa kwamba kimbunga kinakaribia. Meli iliyokuwa iondoke jioni ikaamua kuondoka saa tisa alasiri. Mabasi yetu matatu yalikuwa mjini yakikimbia kuwarudisha watembezi. La nne, la dereva Deng, lilikuwa mlangoni likiwasubiri abiria kumi na tisa waliomaliza safari. Mizigo yao ilikuwa bado forodhani. Tulipanga kuondoka nao saa saba na nusu.

Saa saba kasoro nilitoka kumwambia Deng asogeze basi karibu, nikapita kwenye mlango wa mabaharia. Wao hawapiti katika jengo lile kubwa. Wana mlango wao wa pembeni, wenye kibaraza kifupi kisicho na hata benchi. Pale chini, kwenye sakafu iliyolowa, alikuwa amekaa mtu mweusi wa umri wa hamsini na kitu, amevaa shati jeupe la kazi na ndala, kajikunja, mkono umeshika tumbo upande wa kulia. Pembeni yake kulikuwa na mfuko wa plastiki wenye nguo. Nilidhani ni mlevi. Nikawa nimekwisha kumpita niliposikia:

"Yarabi, hebu lin'achie kidogo. Kidogo tu n'pumue."

Baba, nilisimama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Nikarudi, nikachuchumaa.

"Mzee wangu, shikamoo. Una nini?"

Akafumbua macho akanitazama. "Kumbe wasema Kiswahili? Mie n'kadhani n'takufa bila ya kusema na mtu."

Jina lake Makame, mtu wa Pemba, dobi wa meli ile. Amefua mashuka ya abiria miaka tisa. Tumbo lilimwanza juzi yake usiku, akanyamaza kwa sababu, alivyosema mwenyewe, dobi akiugua mara mbili mkataba haurudi. Asubuhi ile akaanguka kwenye pasi kubwa. Daktari wa meli akaandika karatasi apelekwe hospitali haraka, wakampitisha uhamiaji, wakamwambia wakala wa meli yuko njiani na gari.

"Wamekuacha hapa saa ngapi?"

"Saa nne. Wanambia yuwaja. Kila n'kiuliza, yuwaja."

Nikaitazama saa. Kwa muda wa karibu saa tatu alikuwa amekaa kwenye maji yale. Kwenye karatasi kulikuwa na namba ya wakala. Nikapiga mara tano, haikupokelewa. Nikamwendea mlinzi wa mlango ule, akaniambia kwa upole kabisa kwamba mtu yule ameshatoka melini, si wao tena, na kwenye ukumbi wa abiria hawezi kumwingiza kwa sababu hana tiketi. Nikapiga simu ya magari ya wagonjwa. Wakachukua maelezo, wakasema magari yote yako barabarani kwa sababu ya mvua, nisubiri saa moja au zaidi. Nikagusa paji la uso la Makame. Lilikuwa la moto, halafu midomo yake mikavu kama ya mtu aliyetoka jangwani. Akaniambia jambo lililonitisha kuliko maumivu: "Sasa haliumi sana, mwanangu. Limenyamaza lenyewe."

Unakumbuka jirani yetu Mzee Kassim? Tumbo lake nalo lilinyamaza hivyo hivyo, tukashangilia, na hakufika Ijumaa ya pili.

Nikampigia Bi Luo. Nilimweleza haraka haraka, nikasema hospitali haizidi dakika ishirini, basi la Deng limekaa bure, mizigo ya abiria bado.

"Meiyou," akasema. Hilo ndilo neno lao la hapana, la kwamba kitu hakipo. "Sisi tuna mkataba wa abiria. Huyo si abiria wetu, si abiria wa mtu yeyote. Akifia ndani ya basi langu nitasema nini? Mpigie wakala wao. Basi lisiondoke." Akakata, maana simu nyingine zilikuwa zinamwita.

Nilisimama chini ya mvua na kibao changu. Sitakudanganya kwamba nilikuwa jasiri. Niliwaza kibali, nikawaza dawa zako za macho, nikawaza kurudi ndani nikajifanya sikupita mlango ule. Nilipiga hata hatua mbili tatu kurudi. Kisha nikamsikia nyuma yangu akitamka shahada polepole, neno moja moja, kama mtu anayejaribu kama bado anaikumbuka. Miguu ikakataa.

Nikaingia ukumbini mpaka dirisha la viti vya magurudumu. Binti wa pale akaniuliza, "Abiria wa basi gani?" Nikamjibu, "Namba nne." Nikaacha kadi yangu ya kampuni, nikachukua kiti. Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

Deng ni mtu wa karibu miaka sitini, mpole, hutafuna mbegu za alizeti kutwa. Alipomwona Makame kwenye kiti aliacha kutafuna.

"Laoban amesema tumpeleke?"

"Amesema hapana."

Akaitazama mvua, akamtazama mgonjwa. "Mimi simu yake sijaisikia," akasema. "Mwenye kibao ni wewe. Wewe ukisema twende, mimi nimeagizwa."

"Twende," nikasema.

Nilipiga hesabu ya kwenda na kurudi ndani ya dakika arobaini. Mizigo ingechelewa kidogo, abiria wangenung'unika kidogo, basi. Lakini njia ya kupita chini ya daraja ilikuwa imejaa maji, polisi wakatugeuza, na njia ya kuzunguka ilikuwa na magari yaliyosimama kama yamepigwa misumari. Tulitumia karibu saa nzima. Makame nilimlaza kwenye viti vitatu vya nyuma, nikawa nimeshika kichwa chake. Alikuwa akinisimulia habari za mkewe, Bi Asha, ambaye hapendi mashuka meupe ndani ya nyumba kwa sababu yeye Makame akirudi huwa anayachunguza mikunjo. Alicheka, kisha akalia kwa maumivu ya kucheka.

Hospitali walimpokea vizuri, Baba, hilo niliseme. Daktari alimbonyeza mara moja tu, akapiga kelele korido nzima. Kidole tumbo kimepasuka, uchafu umeingia ndani, apasuliwe sasa hivi. Nesi akaniletea karatasi ya ridhaa.

"Ndugu yake yuko wapi?"

Nikajaribu simu ya wakala tena. Kimya.

"Wewe ni nani wake?"

Nikachukua kalamu, nikaandika: binti yake. Hili ndilo lililonichelewesha kukuandikia. Niliandika kwa mkono wangu kwamba mimi ni mtoto wa mtu mwingine, na wewe uko hai umekaa Kigoma. Sijui kama ni dhambi. Wakati ule halikuniuma hata kidogo, limekuja kuniuma baadaye nilipokuwa peke yangu. Nisamehe.

Nilimwambia Deng arudi haraka na basi, mimi nikabaki. Makame alitoka chumba cha upasuaji jua linakuchwa, kijivu kama majivu, lakini anapumua. Daktari alisema angechelewa saa mbili nyingine tusingekuwa na la kuzungumza. Nilikaa kwenye kiti kile kile cha magurudumu mpaka mwanamke wa usafi akanipa maji ya moto.

Sasa soma na upande wa pili, maana ungekuwepo ungeniuliza mwenyewe: na wale kumi na tisa?

Deng alikwama njiani akirudi. Wale abiria walisubiri mpaka saa kumi na robo, basi jingine lilipoweza kufika. Ndege nyingi zilicheleweshwa mpaka kimbunga kilipopita, kumi na wanane wakawahi. Mmoja hakuwahi. Ni mama wa makamo kutoka Durban, wa jamii ya Kihindi, anaitwa Bibi Pillay. Ndege yake ilikuwa ya mapema, ikaruka dakika chache kabla kimbunga hakijafunga uwanja. Na yeye hakuwa anarudi matembezini. Siku mbili kabla, akiwa melini, aliletewa habari kwamba dada yake amefariki. Kwao maiti haikawizwi. Walimsubiri kadiri walivyoweza, mazishi ya kuchoma yakapangwa Jumapili asubuhi. Kiti kingine alichopata kilimfikisha Jumapili jioni.

Mimi nilikuwa na jina lake kwenye orodha yangu. Pembeni ya jina kulikuwa na alama ya ndege ya mapema. Sikuitazama orodha, Baba. Ningeitazama, ningeweza kumtafutia teksi kabla sijaondoka, teksi zilikuwa zimejipanga pale nje. Hilo ndilo linaloniamsha. Si kwamba nilimpeleka Makame, bali kwamba kulikuwa na nafasi ya kuwasaidia wote wawili, nami nikasahau kutazama karatasi niliyoishika mkononi.

Jumamosi Bi Luo aliniita ofisini. Bibi Pillay alikuwa amekaa pale, mkoba mapajani, macho makavu. Bi Luo aliniambia niiname niombe radhi. Niliinama, nikaomba, nikamweleza yote bila kujitetea.

Akasikiliza mpaka mwisho. "Huyo mtu yu hai?" akauliza.

"Yu hai, mama. Wamempasua."

"Nashukuru yu hai," akasema. "Lakini usiningoje niseme kwamba haidhuru. Inadhuru. Dada yangu ndiye aliyenilea. Nilitaka kuuona uso wake, na sasa sitauona."

Akasimama, akatoka.

Alipoondoka, Bi Luo alifunga mlango. Akasema wenye meli wanataka maelezo, na wanataka jina. Alikuwa ameshaandika karatasi: dereva Deng aliliondoa basi kwa hiari yake bila kuagizwa, nami nilijua baadaye. "Deng amebakiza miezi michache astaafu," akasema. "Nitamwondoa mapema, atakwenda kwao kulima. Wewe ukiondoka, meli ijayo nani atazungumza na wageni? Na kibali chako? Tia sahihi twende mbele."

Baba, nilitia sahihi.

Nimeisoma sentensi hiyo mara kadhaa nikitaka kuifuta, nikaona niiache. Nilitia sahihi, nikairudisha kalamu mezani. Nilirudi chumbani nikajiambia kwamba Deng ni mzee, kwamba nimemwokoa mtu, kwamba Mungu atalisawazisha hilo jingine. Nilipika wali nikala nikashiba.

Jumatatu asubuhi nilifika yadi ya mabasi. Deng alikuwa amechuchumaa anafuta kile kiti cha magurudumu kwa kitambaa. Kumbe kiti kilibaki hospitali siku zote zile kwa kadi yangu, na binti wa dirishani alikuwa ameandika kwamba mimi nimekichukua sikurudisha. Huko ndiko ulikotoka uvumi wa wizi. Deng alikwenda kukichukua siku yake ya mapumziko. Na hakwenda mikono mitupu. Mkewe alipika uji wa mchele akampelekea Makame ndani ya chupa ya chai.

"Amekula vijiko sita," akaniambia, amefurahi kama mtoto. "Nesi alisema vitatu vinatosha, yeye akala sita. Hatuelewani hata neno, lakini alinishika mkono hakutaka kuuachia."

Hakuwa anajua. Alinipa andazi lao la mvuke, la moto, kutoka mfukoni mwa koti lake. Nililipokea, sikuliuma. Nikapanda ngazi mbili mbili mpaka kwa Bi Luo.

"Ile karatasi," nikasema, "naiomba."

"Ya nini?"

"Si kweli. Mimi ndiye niliyemwagiza. Aliniuliza wewe umesema nini, nami nikamwambia ukweli, kisha nikamwambia twende. Alitii mwenye kibao kama ulivyotufundisha."

Alionekana amechoka tu, hasira hakuwa nazo. "Ukiichana, lazima niandike jina lako. Unaelewa? Mimi nina madereva wanne na watoto wao. Lazima jina moja liende."

"Liandike langu."

"Mjinga wewe," akasema. Akafungua droo, akanipa ile karatasi. Niliichana mbele yake vipande vinne, na kwa sababu sikujua pa kuvitupa nikavitia mfukoni. Nilipofika mlangoni akaniita. Nikadhani amebadili nia. Akasema tu nisisahau koti langu la mvua.

Hivyo ndivyo nilivyoachishwa. Kadi nimerudisha, kiti kimerudishwa, na binti wa dirishani amefuta alichoandika. Lakini habari ya kufutwa haisafiri kama ya kuandikwa. Deng bado anaendesha. Nilimweleza yote, hata sahihi yangu, maana sikutaka aisikie kwa mwingine. Alitafuna mbegu zake, kisha akasema, "Siku mbili ulikuwa mtu mwingine." Hanichukii, ila hajanipa andazi tena, na namwelewa.

Wakala wa meli alitokea siku ya tatu, mwenye suti na samahani nyingi, akasema simu yake ililowa mvua. Walimkatia Makame safari, akarudi kwao wiki iliyopita, na mkataba wake umekomea hapo. Kidonda kilitunga usaha kidogo, akatibiwa mpaka akaweza kutembea kwa kuegemea ukuta. Kabla hajaondoka nilikwenda kumuaga hospitali.

"Huko nyumbani wataniuliza zawadi," akaniambia. "N'tawaonesha mshono. Miaka tisa majini, narudi na mshono wa shubiri moja." Kisha akaacha mzaha. "Nawe je, mwanangu? Mie ndo n'lokuvunjia riziki."

Nikamwambia hakuvunja yeye. Sijui kama aliamini. Bi Asha hunipigia simu sasa kila Ijumaa baada ya sala, na kila mara hulia kabla hajanisalimia.

Kwa Bibi Pillay niliandika barua, nikamwomba msamaha kwa lile la orodha, kwamba jina lake lilikuwa mkononi mwangu nikashindwa kulitazama. Sijajibiwa. Hana deni la kunijibu.

Sasa hivi nakaa kwa Achieng, Mkenya anayenunua nguo za kupeleka Nairobi. Yeye ananiambia, "Zai, kaa tu. Kuna works Xintang, uta-hustle huko ndani, nani atajua?" Wapo wanaoishi hivyo, bila karatasi, wakisikia hodi wanaruka dirishani. Nilifikiria, Baba, siku tatu nilifikiria kweli. Mwisho nikaona nimekwisha kudanganya vya kutosha mwezi huu. Nitaondoka kabla kibali hakijaisha, kwa mlango, na pasipoti mkononi. Mama Kisa atatangulia na barua hii. Mimi nitafuata baada yake kama siku kumi.

Lakini nakuja na mzigo wa swali, na hapa hakuna ninayeweza kumwuliza. Achieng anasema nilifanya vyema. Mama Kisa anasema nilifanya vyema ila nilikuwa mpumbavu. Wao hawajawahi kushika orodha ya abiria. Wewe umeishika maisha yako yote. Nataka kujua ungefanyaje pale kibarazani, mtu mmoja sakafuni na kumi na tisa ndani. Usinijibu kwa simu, na usinifariji. Nikifika niruhusu nilale siku ya kwanza, ya pili uniambie.

Msalimie sana shangazi, umwambie simu yake iliyokatika hakukosea yeye, ni mimi niliyekata kwa sababu nilianza kulia. Msalimie mama mdogo wa Ujiji, na mumewe fundi baiskeli, na mwambie begi aliloniagiza sitaweza kulileta. Wasalimie wapwa zangu, hasa Mwanaidi anayekusomea gazeti, asome polepole usimkaripie. Bibi mzaa mama mbusu mkono kwa niaba yangu. Na kama aliyeandika lile neno kwenye kundi ni mtu tunayemfahamu, usigombane naye. Mwache, nitapita kwake mwenyewe kumwamkia.

Huku mvua imekatika tangu juzi, jua linawaka, watu wameanika mablanketi madirishani. Kutoka kwa Achieng siwezi kuona bahari, wala sikuitafuta. Nakuja, Baba. Sina zawadi, na jina langu limechafuka kidogo. Nifungulie.

Ni mimi mwanao anayekuheshimu,

Zaituni